Taa Ndogo ya Kamera: Mpiga Picha wa Kijijini Achague Ipi?

Tuseme ni Jumamosi jioni katika kijiji kimoja kando ya Ziwa Victoria, mkoani Mwanza. Kuna harusi. Turubai limefungwa uwanjani. Viti vya plastiki vimepangwa. Jua limezama ziwani na giza limeingia. Jenereta inanguruma nyuma ya nyumba. Balbu tatu zinaning'inia chini ya turubai.

Babu yake bibi harusi ameketi mstari wa mbele. Amekuja kwa meli kutoka Nansio, Ukerewe. Ni mzee sana, hasafiri mara kwa mara. Bibi harusi anamwendea na kupiga magoti. Babu anaweka mkono juu ya kichwa cha mjukuu wake, anambariki. Mpiga picha anasogea karibu, upande wa bibi harusi, na kubonyeza kamera. Taa ndogo ya kamera inawaka.

Siku tatu baadaye picha inaletwa. Gauni ni jeupe mno, hata maua yake hayaonekani. Uso wa babu ni giza tupu. Mkono wake tu ndio unaoonekana.

Je, picha hiyo inaweza kupigwa upya? Haiwezi. Harusi imekwisha, na babu amerudi kwao. Pengine hatakuja tena. Mpiga picha atarudisha fedha, lakini hawezi kurudisha jioni ile.

Vijana wengi wa mwambao wa ziwa wana kamera. Wanapiga picha za harusi, ubatizo, kipaimara, mahafali ya shule na sherehe za kijiji. Kazi hiyo inawapa fedha za sabuni, karo na mbolea. Lakini sherehe nyingi huendelea hadi usiku, na usiku picha haiwezi kupatikana bila mwanga. Ndiyo maana leo tutazungumza juu ya taa ndogo inayochomekwa juu ya kamera. Wapiga picha huiita flashi. Tutajifunza namna ya kuichagua, ili fedha zako zisipotee na nyuso za wazee wetu zisiingie gizani.

WATU WANA SIMU, KWA NINI WAKULIPE?

Siku hizi wageni wengi huja harusini na simu zenye kamera. Mchana simu hupiga picha nzuri. Basi kwa nini mwenye harusi amlipe mpiga picha?

Jibu ni usiku. Taa ya simu ni ndogo sana. Inamulika hatua chache tu mbele. Anayetaka picha ya ukoo mzima, mistari mitatu ya watu, hawezi kuipata vizuri kwa taa ya simu. Hapo ndipo mpiga picha mwenye taa nzuri anapopata riziki yake. Kwa hiyo taa ni chombo cha kazi, kama nyavu kwa mvuvi na jembe kwa mkulima. Chombo cha kazi huchaguliwa kwa makini.

TAA HII ILITOKA WAPI?

Zamani hapakuwa na taa za umeme za kupigia picha. Mwaka 1887 Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, walitengeneza unga wa magnesi uliowaka ghafla kwa mwanga mkali. Unga huo ulitoa moshi mwingi. Uliweza pia kuunguza mikono ya mpiga picha.

Unga kama huo ulifika hata hapa kwetu. Mjerumani Carl Georg Schillings alipiga picha za wanyama wa porini usiku, katika nchi ya Kilimanjaro na Umasai. Alitega kamera na unga, na mnyama mwenyewe akigusa kamba, unga uliwaka. Kitabu chake chenye picha za simba na wanyama wengine kilitolewa mwaka 1905.

Katika miaka ya 1930 Mmarekani Harold Edgerton alionyesha kwamba mwanga mkali wa muda mfupi sana unaweza kupatikana kwa umeme ndani ya bomba la kioo lenye gesi. Taa za leo zinafanya kazi kwa njia hiyo. Betri hujaza umeme katika kifaa kiitwacho kapasita. Ukibonyeza kamera, umeme wote hutoka mara moja na kupita katika gesi. Mwanga unawaka kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua jicho. Taa huwa ndogo kiasi cha kuingia mfukoni, na haitoi moshi.

MWANGA HUPUNGUA HARAKA

Kwanza tuelewe kwa nini picha ya babu iliharibika.

Wavuvi wa dagaa wanajua jambo hili. Usiku usio na mbalamwezi, waliwasha karabai juu ya maji, na dagaa wakaufuata mwanga. Siku hizi wengi wanatumia taa za betri. Karibu na taa, maji yanang'aa. Lakini ukisogea kidogo tu, giza linaanza. Mwanga haupungui polepole. Unapungua haraka.

Tupime kwa mita. Mtu akiwa mita 1 kutoka kwenye taa, anapata mwanga wote. Akiwa mita 2, hapati nusu. Anapata robo. Akiwa mita 3, anapata sehemu moja kati ya 9. Akiwa mita 4, anapata sehemu moja kati ya 16.

Sasa rudi kwenye harusi yetu. Bibi harusi alikuwa mita 1 kutoka kwenye kamera. Uso wa babu ulikuwa mita 2. Babu alipata robo tu ya mwanga uliomfikia mjukuu wake. Ndiyo sababu gauni liliungua kwa weupe na uso wa babu ukawa giza.

Mpiga picha angefanya nini? Angerudi nyuma. Tuseme bibi harusi angekuwa mita 3 na babu mita 4. Hapo babu angepata zaidi kidogo ya nusu ya mwanga wa mjukuu wake. Wote wawili wangeonekana.

Lakini taa iliyojengwa ndani ya kamera ndogo ina nguvu kidogo. Ukirudi nyuma, haifiki. Kwa hiyo inamlazimisha mpiga picha asogee karibu, na akisogea karibu anaharibu picha. Taa ya nje inamruhusu kurudi nyuma. Hiyo ndiyo faida yake kubwa ya kwanza.

NAMBA YA NGUVU

Kila taa ina namba inayoonyesha nguvu yake. Namba hiyo huandikwa katika karatasi ya maelezo. Tuiite namba ya nguvu. Taa iliyomo ndani ya kamera huwa na namba kama 10 au 12. Taa ndogo za nje huwa na namba kama 20 hadi 40. Taa kubwa hufika 60.

Namba hii inasaidia kupata umbali. Chukua namba ya nguvu. Igawe kwa namba ya tundu la lenzi. Tundu la lenzi ni mlango wa mwanga, na kamera huonyesha namba yake baada ya herufi f. Jibu ni mita ambazo taa inafika, kamera ikiwa imewekwa kwenye ISO 100.

Tufanye hesabu. Taa yako ina namba 36. Tundu la lenzi ni f 8. Gawa 36 kwa 8. Unapata mita 4 na nusu. Ukifungua tundu hadi f 4, gawa 36 kwa 4. Unapata mita 9.

Kwa taa ya ndani yenye namba 12, gawa 12 kwa 8. Unapata mita 1 na nusu tu. Umeona tofauti?

Ukipandisha ISO kutoka 100 hadi 400, umbali unakuwa mara mbili. Kwa hiyo hata taa ndogo inaweza kutosha ukijua kuitumia.

Hata hivyo, jihadhari na jambo moja. Taa nyingi zinaweza kukusanya mwanga kama tochi ya kuzungusha kichwa. Mwanga ukikusanywa unafika mbali, lakini unamulika mahali padogo. Watengenezaji huandika namba inayopatikana mwanga ukiwa umekusanywa. Kwa mfano, taa ndogo ya Godox TT350 ina namba 36, lakini namba hiyo hupimwa kichwa kikiwa kwenye milimita 105. Taa kubwa ya Godox TT600 ina namba 60, lakini hupimwa kwenye milimita 200. Unapopiga picha ya kundi kubwa, mwanga hutawanywa na namba inashuka. Basi usilinganishe namba mbili bila kuuliza zilipimwa kwenye milimita ngapi.

KICHWA CHA TAA KIGEUKE

Taa nyingine ndogo zina kichwa kisichogeuka. Zinamulika mbele tu. Nyingine zina kichwa kinachoinuka juu na kugeuka pembeni. Kama fedha zinatosha, chagua yenye kichwa kinachogeuka. Kuna sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni mwanga laini. Ukimulika mtu usoni moja kwa moja, uso unang'aa kwa jasho na kivuli cheusi kinakaa ukutani nyuma yake. Lakini ukielekeza taa kwenye dari jeupe, mwanga unagonga dari na kurudi chini polepole kama mwanga wa mchana. Uso unapendeza.

Sababu ya pili ni macho mekundu. Gizani mboni ya jicho hufunguka sana. Taa ikiwa karibu na lenzi, mwanga unaingia ndani ya jicho, unagonga nyuma penye damu, na kurudi kwenye kamera. Macho yanakuwa mekundu. Taa ya nje hukaa juu zaidi ya lenzi, na ukiigeuza kwenye dari tatizo hilo huondoka.

Lakini msomaji atauliza: "Dari liko wapi?" Swali hilo ni zuri. Nyumba zetu nyingi zina bati bila dari, au nyasi. Makanisa mengine yana paa refu sana. Harusi nyingine hufanyika uwanjani chini ya nyota. Ukielekeza taa juu, mwanga unapotea.

Hata turubai lina tatizo. Turubai jeupe linafaa. Turubai la buluu hurudisha mwanga wa buluu, na la kijani hurudisha wa kijani. Bibi harusi ataonekana kama mgonjwa.

Hapo tumia akili ya kijijini. Chukua karatasi ngumu nyeupe, kubwa kama daftari. Inua kichwa cha taa. Funga karatasi nyuma ya kichwa kwa mpira wa manati. Mwanga mwingine utakwenda juu, na mwingine utagonga karatasi na kuja mbele ukiwa laini zaidi. Ukuta mweupe wa darasa au shuka jeupe lililoshikwa na watoto wawili pia hufaa. Kumbuka tu kwamba mwanga wa kugonga hupungua nguvu, kwa sababu unasafiri njia ndefu na nyingine hunyonywa. Funga taa iwe na nguvu ya ziada.

TAA NA KAMERA ZIELEWANE

Hapa ndipo wengi wanapopoteza fedha. Taa si kama balbu inayoingia katika soketi yoyote.

Juu ya kamera kuna mahali pa kuchomekea taa. Utaona vidoa vidogo vya chuma. Kidoa kikubwa cha katikati kinaiambia taa iwake. Vidoa vingine vinapeleka habari za kipimo cha mwanga. Canon, Nikon, Sony na Fujifilm, kila mmoja ana mpangilio wake. Kwa hiyo taa ileile inaweza kutengenezwa kwa aina tofauti. TT350 yenye herufi C mwishoni ni ya Canon, yenye N ni ya Nikon, na yenye S ni ya Sony. Soma herufi hiyo kwenye boksi na kwenye taa yenyewe.

Kuna jambo jingine. Kamera za Canon EOS 2000D na EOS 4000D hazina kidoa cha katikati. Taa nyingi za bei nafuu zinategemea kidoa hicho. Ukizichomeka hapo haziwaki. Muuzaji anaweza kusema "Inafaa Canon zote." Mwambie, "Tuichomeke tuone."

Tena, jihadhari na taa za zamani sana. Baadhi zilitengenezwa kwa kamera za filamu, na zinapeleka umeme mkali kwenye kamera. Baadhi ya taa za kwanza za Vivitar 283 zina zaidi ya volti 200 kwenye kidoa hicho. Kamera ya kisasa inaweza kuungua. Taa ya bure kutoka kwa mjomba inaweza kukugharimu kamera nzima.

TAA YA KUJIPIMIA AU YA MKONO?

Taa nyingine hujipimia mwanga. Zina herufi TTL. Taa hutoa mwanga mdogo kwanza, kamera inapima unaorudi, kisha taa inawaka kwa kipimo. Hii inafaa sana katika sherehe, kwa sababu watu wanatembea. Sasa yuko mita 2, sasa yuko mita 5.

Taa nyingine hazijipimii zikiwa juu ya kamera. TT600 ni mojawapo. Mpiga picha anaweka nguvu mwenyewe: yote, nusu, robo, na kuendelea chini. Taa hizi huwa rahisi kwa bei na zina nguvu. Lakini zinataka mazoezi. Aliyezoea anaweza. Anayeanza atakosa picha nyingi wakati akibonyeza vitufe.

Hata taa ya kujipimia hudanganyika. Kamera haijui harusi. Ikiona gauni kubwa jeupe, inadhani mwanga ni mwingi, na inaupunguza. Gauni linakuwa la kijivu, na nyuso zetu nyeusi zinakuwa giza. Ikiona suti nyeusi za wasimamizi, inadhani mwanga ni mdogo, na inauzidisha.

Dawa yake ni kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Gauni jeupe likijaza picha, ongeza mwanga. Suti nyeusi zikijaza picha, punguza. Kisha angalia uso kwenye kioo cha kamera. Usiangalie gauni kwanza. Mwenye harusi analipia nyuso za watu wake.

BETRI

Taa nyingi ndogo hutumia betri mbili za AA, zile za saa ya ukutani. Taa kubwa hutumia nne. Nyingine zina betri yake maalumu ya lithiamu.

Betri za AA zina faida moja kubwa: zinapatikana hata katika duka la kijijini. Lakini zile za bei ya chini huchoka upesi sana katika taa ya kamera. Nunua betri za kuchaji za AA. Kila moja ina volti 1.2 badala ya 1.5, na wengine huzidharau kwa sababu hiyo. Kwa kweli hutoa umeme kwa kasi, na taa hujaa upesi. Pia unazitumia mara mamia.

Betri maalumu ya lithiamu ina nguvu na hujaza taa haraka. Lakini ikiisha kisiwani usiku, dukani haipo. Anayeichagua anunue mbili.

Uliza taa inachukua sekunde ngapi kujaa baada ya kuwaka kwa nguvu zote. Taa nzuri ndogo yenye betri zenye nguvu huchukua sekunde 2 hivi. Betri zikichoka inaweza kuchukua sekunde 8 au zaidi. Je, sekunde 8 ni nyingi? Hesabu polepole hadi 8. Katika muda huo bwana harusi amekwisha kulishwa keki, na watu wamekwisha kupiga makofi.

Betri mbili za kuchaji zinaweza kuwasha taa ndogo mara 200 hivi kwa nguvu zote. Harusi moja inaweza kutaka picha 300 au zaidi. Basi chukua seti tatu, na zichaji siku moja kabla. Usingoje jenereta ya mwenye harusi.

Usiwashe taa mfululizo bila kupumzika. Kichwa kinapata moto na taa inaweza kujizima au kuharibika. Na usifungue taa kujaribu kuitengeneza. Kapasita hutunza mamia ya volti hata betri zikiwa zimetolewa. Umeme huo unaweza kukuumiza vibaya. Mpelekee fundi anayejua.

MCHANA, VUMBI NA WADUDU WA ZIWANI

Wengine wanadhani taa ni ya usiku tu. Sivyo. Nenda Bujora, Kisesa, mwezi wa Juni, wakati wa ngoma za Bulabo. Makundi ya Wagika na Wagalu wanashindana kucheza. Ni mchana na jua liko utosini. Wachezaji wamevaa kofia na manyoya. Ukipiga picha bila taa, macho yao yako kwenye kivuli. Washa taa kwa nguvu kidogo, na kivuli kinaondoka. Nyuso zinaonekana.

Lakini mchana kuna sheria moja. Kamera nyingi haziwezi kuenda na taa zaidi ya kasi ya 1/200 au 1/250 ya sekunde. Ukizidisha, sehemu ya picha inakuwa nyeusi kama imefunikwa kwa ubao. Taa nyingine zina namna ya kuvuka kasi hiyo, ila nguvu yake hupungua.

Vumbi la uwanjani pia ni adui. Ngoma ikipamba moto, vumbi linainuka. Taa inamulika vumbi lililo karibu na lenzi, na picha inajaa madoa meupe. Hali ni hiyohiyo usiku pwani ya ziwa, wakati mawingu ya wadudu wadogo yanapotoka majini na kuzunguka balbu. Sogea mbali na balbu. Simama upande ambao upepo unatoka. Ukiweza, elekeza taa pembeni.

KABLA HUJALIPA

Ukienda Mwanza mjini kununua taa, chukua kamera yako na betri zako zilizojaa. Usinunue kwa kuangalia boksi tu. Fanya mambo haya mbele ya muuzaji:

1. Chomeka taa kwenye kamera yako. Piga picha kumi. Je, imewaka mara kumi?

2. Hesabu sekunde za kujaa kati ya picha moja na nyingine.

3. Inua na geuza kichwa. Je, kinashika au kinaanguka?

4. Angalia mahali pa betri. Kutu ya kijani au unga mweupe ni dalili ya betri zilizovuja.

5. Piga picha ya mtu aliye mita 2, kisha mita 5. Je, uso unaonekana katika zote mbili?

6. Omba risiti, na uulize utafanya nini ikiharibika ndani ya mwezi mmoja.

Kuuliza si ujinga. Muuzaji anayekataza taa isijaribiwe, mshukuru na uende duka jingine.

Kama fedha hazitoshi, vijana wawili au watatu mnaweza kuungana. Nunueni taa moja, lakini hakikisheni kamera zenu ni za kampuni moja. Andikeni katika daftari nani ameichukua, siku gani, na imerudi ikiwa na hali gani.

ADABU YA MPIGA PICHA

Taa inaweza kuudhi. Kanisani au msikitini, uliza kwanza kama inaruhusiwa na wakati gani. Msibani usimulike wafiwa usoni bila ruhusa. Usiiwashe mbele ya macho ya mtoto mchanga au ya dereva aliye njiani usiku. Mpiga picha mwenye adabu huitwa tena.

TUMALIZE

Tumejifunza kwamba taa kubwa si lazima iwe bora, na taa ya bei ya chini inaweza kuwa ghali. Kwa sherehe za kijijini, taa ndogo yenye namba ya nguvu kama 36, kichwa kinachogeuka, kipimo cha TTL kinachoelewana na kamera yako, na betri za AA za kuchaji, inatosha kazi nyingi. Fanya mazoezi nyumbani usiku, wiki nzima, kwa kupiga picha za watu wa nyumbani. Usifanye mazoezi yako ya kwanza kwenye harusi ya mtu.

Kisha siku ya harusi babu atakapokuja kutoka Ukerewe, rudi nyuma hatua mbili. Inua kichwa cha taa. Angalia uso wake. Subiri mkono wake ufike juu ya kichwa cha mjukuu. Bonyeza.

Picha hiyo itatundikwa ukutani. Watoto ambao hawajazaliwa wataiangalia na kuuliza, "Huyu ni nani?" Na wataonyeshwa uso, si giza.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mtu aliye mita 2 kutoka kwenye taa anapata sehemu gani ya mwanga anaoupata aliye mita 1?

2. Taa ina namba ya nguvu 24. Tundu la lenzi ni f 8, na ISO ni 100. Taa inafika mita ngapi?

3. Kijijini kwenu sherehe za usiku hufanyika wapi? Je, kuna dari au ukuta mweupe?

4. Kwa nini ni vizuri kuchukua kamera yako dukani unapokwenda kununua taa?